Kansa ya tumbo: Kwa nini dawa humponya huyu na kumshinda yule

WAGONJWA wawili wamelazwa katika wadi moja. Umri wao unakaribiana, wote wameambiwa wana kansa ya tumbo, na wote wametundikiwa dawa zile zile siku ile ile. Baada ya miezi mitatu mmoja anamaliza sahani ya ugali na kuulizia shamba lake. Mwenzake anazidi kukonda na uvimbe unakua, kana kwamba alikuwa akitiwa maji matupu mshipani.

Jamaa za huyu wa pili huanza kutafuta sababu. Mmoja atasema dawa zilikuwa bandia. Mwingine atasema hospitali haikumjali kwa kuwa pesa zilichelewa. Na hakosi wa tatu atakayenong'ona kuhusu mkono wa mtu.

Ndugu msomaji, mara nyingi sababu haimo katika hayo yote. Wagonjwa hao wawili walikuwa na ugonjwa wenye jina moja, lakini wenye tabia mbili tofauti. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, wala haionekani kwa kamera ya tumbo. Huonekana maabarani, katika kile kipande kidogo cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe siku ya uchunguzi. Somo letu la leo linahusu kipande hicho: kinaweza kusema nini kuhusu dawa, na kwa nini inafaa ukiulizie kabla familia haijauza ng'ombe.

Wanaosafiri kati ya Nakuru na Nairobi wanaijua Kariandusi, pale karibu na Gilgil na Ziwa Elementaita, penye makumbusho ya shoka za mawe za watu wa kale. Hapo pia pana machimbo ya jiwe jeupe liitwalo diatomaiti. Ukilishika mkononi utadhani ni chokaa. Lakini likiwekwa chini ya hadubini, unaona kwamba limeundwa na maganda ya mwani mdogo sana wa ziwani, na kila aina ya mwani ina umbo lake. Uvimbe wa tumbo uko hivyo. Kwa macho wote unafanana, na chini ya hadubini una makabila mengi.

Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuchunguza jeni za uvimbe 295 wa tumbo. Waliona kwamba uvimbe huo unagawanyika katika makundi manne makubwa. Tangu wakati huo madaktari wengi wameacha kuizungumzia kansa ya tumbo kama kwamba ni kitu kimoja.

Dawa hizi hufanya nini?

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Tunaposema tumbo hapa tuna maana ya ule mfuko wa chakula, si utumbo wala ini. Na tunaposema tibakemikali, au kemotherapi, tuna maana ya dawa za kuua seli zinazogawanyika kwa haraka.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika historia ya dawa hizi. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Mulago mjini Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa ukiwapata watoto. Katika miaka ya 1960 ikaonekana kwamba baadhi ya watoto waliopewa dawa iitwayo saiklofosfamidi uvimbe wao uliyeyuka kwa siku chache, na wengine walipona kabisa. Ulikuwa ushahidi wa mapema duniani kwamba kansa inaweza kushindwa kwa dawa.

Kansa ya tumbo haikuwa rahisi namna hiyo. Dawa zinazotumika sana ni fluorourasili, iliyotengenezwa mwaka 1957, pamoja na ndugu yake kapesitabini ambayo humezwa kama kidonge. Nyingine ni sisplatini na oksaliplatini, zenye madini ya platini ndani yake, na dositakseli. Fluorourasili ni kama tofali bovu: seli hulichukua ikidhani ni zuri, na ujenzi wa jeni mpya unakwama. Dawa za platini hushikamana na nyuzi za jeni na kuzifunga pamoja zisiweze kufunguka. Dositakseli huzuia seli kugawanyika mara mbili.

Dawa hizi zina faida ya kweli. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2006, wagonjwa 503 waligawanywa mafungu mawili. Waliofanyiwa upasuaji peke yake, asilimia 23 walikuwa hai baada ya miaka 5. Waliopewa dawa kabla na baada ya upasuaji, asilimia 36 walikuwa hai. Mwaka 2019 utafiti wa Ujerumani wenye wagonjwa 716 ulionyesha kwamba mchanganyiko mpya wenye dositakseli ulifikisha nusu ya wagonjwa miezi 50, badala ya miezi 35 kwa mchanganyiko wa zamani.

Lakini zitazame tena takwimu hizo. Ikiwa 36 kati ya 100 wako hai, basi 64 hawapo. Dawa ni ile ile. Kilichotofautiana ni mgonjwa na uvimbe wake.

Usugu hutoka wapi?

Wakenya wameujua usugu wa dawa kutokana na malaria. Klorokwini iliwaponya watu kwa miaka mingi, kisha vimelea vikaizoea. Mwaka 1998 Kenya iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria, na mwaka 2004 ikachagua dawa mseto zenye artemisinini. Katika kansa mambo yanafanana, ila kuna tofauti moja kubwa: usugu wa kansa hauambukizi. Huzaliwa ndani ya uvimbe wa mgonjwa mmoja na hubaki humo.

Seli za kansa zina mbinu kadhaa za kuikwepa dawa.

Mbinu ya kwanza ni pampu. Baadhi ya seli zina protini kwenye ukuta wake ambayo huitoa dawa nje mara tu inapoingia, kama mtu anayeyateka maji mtumbwini kwa kata.

Mbinu ya pili ni fundi. Dawa ya platini inapoiharibu jeni, seli nyingine huwa na mafundi hodari wa kurekebisha uharibifu huo usiku na mchana. Mmoja wa mafundi hao ni protini iitwayo ERCC1.

Mbinu ya tatu ni kuzidisha shabaha. Fluorourasili hulenga kimeng'enya kimoja kinachosaidia kutengeneza jeni. Seli ikitengeneza kimeng'enya hicho kwa wingi, dawa haitoshi kukizuia chote.

Mbinu ya nne ndiyo ngumu kuliko zote. Uvimbe mmoja una seli za namna mbalimbali. Dawa huua zile dhaifu, na zile chache zilizo sugu hubaki, huzaana na kuujaza uwanja. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kupata nafuu kwa miezi sita, kisha ugonjwa ukarudi ukiwa na nguvu na dawa ya mwanzo isiuguse tena.

Kwa miaka mingi watafiti walitumaini kwamba wakipima kiasi cha ERCC1, au cha kile kimeng'enya kinacholengwa na fluorourasili, wataweza kumwambia mgonjwa mapema kama dawa itamfaa. Matokeo yalipingana: utafiti mmoja ulisema ndiyo, mwingine ukasema hapana. Kwa hiyo vipimo hivyo havitumiki kuchagua dawa za kansa ya tumbo hospitalini. Mtu akikuuzia kipimo cha namna hiyo kwa bei kubwa, mwulize kwanza kitabadilisha nini katika matibabu yako.

Alama zinazobadilisha matibabu

Zipo lakini alama nyingine zilizothibitishwa kwa majaribio makubwa. Hizi ndizo za kuuliza.

1. HER2. Hii ni protini inayokaa kwenye ngozi ya seli na kuiamuru ikue. Baadhi ya uvimbe huwa nayo kupita kiasi. Katika jaribio la kimataifa lililochapishwa mwaka 2010, yapata mgonjwa mmoja kati ya watano waliopimwa alikuwa nayo. Wagonjwa 594 wenye alama hiyo waliingizwa katika jaribio. Nusu yao walipewa tibakemikali peke yake, na nusu wakaongezewa dawa ya trastuzumabu, ambayo huikamata HER2. Muda wa kuishi wa katikati ulipanda kutoka miezi 11.1 hadi 13.8. Kwa wale ambao protini hiyo ilikuwa nyingi zaidi, ulifika miezi 16.

Dawa hii wengi wetu tumeisikia kwa akina mama wenye kansa ya matiti. Wachache wanajua kwamba baadhi ya wagonjwa wa kansa ya tumbo nao wanaihitaji. Mgonjwa asiye na HER2 nyingi hafaidiki nayo, na inaweza kumdhuru moyo bure.

Majibu ya kipimo hiki huandikwa kwa namba. Sufuri na 1 maana yake hakuna. Tatu maana yake ipo kwa wingi. Mbili maana yake haijulikani bado, na lazima kipimo kingine cha jeni kifanywe kabla ya kukata shauri. Ukiona 2 kwenye karatasi yako na hakuna kipimo cha pili, uliza.

Jambo jingine ni kwamba HER2 inaweza kuwapo upande mmoja wa uvimbe na kukosekana upande mwingine. Kwa sababu hiyo wataalamu hushauri vikatwe vipande kati ya 6 na 8, si kimoja. Tena uvimbe ukishatibiwa kwa trastuzumabu unaweza kuipoteza HER2 yake. Hiyo nayo ni njia ya usugu, na ndiyo maana ugonjwa ukirudi daktari anaweza kutaka kukata kipande kipya.

2. Hitilafu ya urekebishaji, au MSI. Seli ya kawaida ina wahariri wanaosahihisha makosa kila jeni zinaponakiliwa. Katika baadhi ya uvimbe wahariri hao hawapo, na makosa hujaa kila mahali. Alama hii ina fundisho la ajabu. Wagonjwa wenye uvimbe wa namna hii, ukiwa bado unaweza kupasuliwa, kwa kawaida huishi muda mrefu kuliko wengine. Lakini tibakemikali ya kawaida haionekani kuwaongezea faida.

Mwaka 2017 vipande vya nyama vya ule utafiti wa Uingereza vilipimwa upya. Kundi lenye alama hii lilikuwa dogo, lakini waliofanyiwa upasuaji peke yake walifanya vizuri kuliko waliopewa dawa. Mwaka 2019 majaribio manne yaliunganishwa, yenye wagonjwa 1,556. Kati yao 121 walikuwa na alama hii, na kwao tibakemikali haikuonyesha faida. Maana yake ni kwamba wako watu wanaopoteza nywele, wanaotapika na kuuza mashamba kwa ajili ya dawa ambayo huenda haiwafai.

Wagonjwa hao hao ndio wanaoitikia vizuri dawa za kuamsha kinga ya mwili. Katika jaribio la Ufaransa lililochapishwa mwaka 2022, wagonjwa 32 wenye alama hii walipewa dawa mbili za kinga kabla ya upasuaji. Kati ya 29 waliopasuliwa, 17 hawakukutwa na seli hai hata moja ya kansa katika nyama iliyotolewa.

3. PD-L1. Mwili una askari wanaoua seli mbovu. Kansa inaweza kuvaa kitambulisho cha uongo kiitwacho PD-L1, na askari wakikiona hulegeza mikono. Dawa kama nivolumabu na pembrolizumabu humfungua macho askari. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021 lenye wagonjwa 1,581, nivolumabu iliongezwa kwenye tibakemikali. Kwa wale wenye alama ya PD-L1 ya 5 au zaidi, muda wa katikati ulikuwa miezi 14.4, ikilinganishwa na 11.1 kwa tibakemikali peke yake. Wenye alama ya chini walipata faida ndogo. Kwa kuwa dawa hizi ni ghali mno, namba hiyo ina uzito mfukoni pia.

4. Klaudini 18.2. Hii ni protini inayounganisha seli za tumbo pamoja. Majaribio mawili ya mwaka 2023 yalionyesha kwamba yapata wagonjwa 38 kati ya 100 waliopimwa walikuwa nayo kwa wingi, na kwamba dawa ya zolbetuksimabu huwasaidia ikiongezwa kwenye tibakemikali. Japani na Marekani ziliiidhinisha mwaka 2024.

5. Kirusi cha Epstein-Barr. Kirusi hiki kiligunduliwa London mwaka 1964 katika seli za ule uvimbe wa taya wa watoto wa Uganda. Baadaye kikakutwa ndani ya baadhi ya kansa za tumbo. Katika ule utafiti wa uvimbe 295 kilikuwa katika asilimia 9. Uvimbe wa namna hii mara nyingi huwa na PD-L1 nyingi, na kwa hiyo watafiti wanaufuatilia kwa makini kuhusu dawa za kinga.

Hatari inayotokana na mwili wenyewe

Hadi hapa tumezungumzia uvimbe. Lakini iko alama moja ambayo imo katika mwili wa mgonjwa, na ambayo inaweza kumwua kabla kansa haijamwua.

Ini lina kimeng'enya kiitwacho DPD, ambacho huvunja zaidi ya asilimia 80 ya fluorourasili inayoingia mwilini. Wako watu waliozaliwa na kimeng'enya hiki kidogo, na wachache hawana kabisa. Mtu kama huyo akipewa kipimo cha kawaida cha fluorourasili au kapesitabini, dawa humrundikania. Mdomo hujaa vidonda, anaharisha bila kukoma, na seli nyeupe za damu hushuka sana. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilishauri wagonjwa wapimwe kabla ya kuanza dawa hizi.

Kwetu kuna jambo la kuangalia. Kipimo cha hitilafu nne za jeni kinachotumika sana Ulaya kilitungwa kutokana na damu za Wazungu, na hakina hitilafu moja inayopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika. Kwa hiyo hata ukipimwa na kuambiwa uko salama, chunga mzunguko wa kwanza. Homa, kuharisha zaidi ya mara nne kwa siku, au vidonda vya mdomo vinavyokuzuia kunywa maji ni sababu ya kuacha vidonge na kurudi hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Usingoje tarehe ya kliniki.

Nitajuaje kama dawa inafanya kazi?

Njia ya kwanza ni mgonjwa mwenyewe. Je, chakula kinashuka? Uzito umesimama au unaendelea kupungua? Maumivu je? Njia ya pili ni picha za CT, ambazo kwa kawaida hurudiwa baada ya miezi miwili au mitatu ili kuulinganisha uvimbe na ulivyokuwa.

Njia ya tatu ni damu. Zipo alama kama CEA, CA 19-9 na CA 72-4. Ikiwa zilikuwa juu kabla ya matibabu na sasa zinashuka, ni habari njema. Zikianza kupanda tena, daktari hushtuka. Lakini ziangalie kwa akili. Wagonjwa wengi wa kansa ya tumbo alama hizi kwao ni za kawaida kabisa. Na wako watu wasio na kansa ambao zimepanda: CEA hupanda kwa wavutaji sigara, na CA 19-9 hupanda mfereji wa nyongo unapoziba. Kwa hiyo usikubali kuambiwa una kansa ya tumbo, au huna, kwa kipimo cha damu peke yake.

Njia ya nne hupatikana baada ya upasuaji. Ikiwa mgonjwa alitibiwa kwa dawa kwanza, daktari wa patholojia huuchunguza uvimbe uliotolewa na kuhesabu ni sehemu gani bado iko hai. Ikibaki chini ya asilimia 10, dawa ilifanya kazi nzuri. Uliza jibu hili.

Kutoka Kariandusi hadi maabara

Tuseme wewe au mzazi wako mnaishi Kariandusi, Mbaruk au Gilgil mjini, na kiungulia hakiishi. Safari huanzia zahanati au hospitali ya Gilgil, na kutoka hapo barua ya rufaa humpeleka mgonjwa Nakuru, katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, ambako kuna huduma za kansa. Wengine huenda Eldoret au Nairobi. Kamera ya tumbo huingizwa kupitia mdomoni, vipande hukatwa, na hapo ndipo hatima ya matibabu hukaa mikononi mwa watu wachache na chupa ndogo.

Kipande lazima kitiwe katika fomalini mara moja. Kwa vipimo kama HER2 hutakiwa kikae humo kwa muda usiopungua saa 6 na usiozidi saa 72. Kikiachwa kikauke, au chupa ikizunguka kwenye gari la abiria kwa wiki nzima, kipimo kinaweza kutoa jibu la uongo. Ukipewa chupa uipeleke mwenyewe maabara, ipeleke siku hiyo hiyo.

Baada ya kuchunguzwa, kipande hufungwa ndani ya kibonge cha nta na kuwekwa kwenye rafu. Kibonge hicho ni mali ya thamani. Huweza kutunzwa miaka mingi na kupimwa tena bila mgonjwa kukatwa upya. Mgonjwa wa Nakuru hana haja ya kusafiri mwenyewe kwenda Nairobi kwa kipimo cha HER2 au MSI: kibonge kinaweza kusafiri kwa niaba yake. Familia nyingi hazijui hivyo, na hutoa pesa za kamera ya pili hali kipande cha kwanza kingali maabarani.

Mtu atasema kansa hii ni ya Wajapani na Wakorea, haituhusu. Si kweli. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba Afrika ina kansa ya tumbo kidogo ingawa bakteria wanaoichochea ni wengi. Lakini mwaka 2001 madaktari waliokusanya habari za wagonjwa wa Hospitali ya Chogoria, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, walionyesha kwamba ugonjwa huu si haba katika nyanda zetu za juu. Wasiopimwa hawahesabiwi.

Ni kweli pia kwamba majaribio makubwa ya dawa tuliyoyataja yalifanywa zaidi Asia, Ulaya na Amerika. Kila Mwafrika anayepimwa na majibu yake kuwekwa vizuri huwasaidia madaktari kujua hali yetu sisi.

Kuhusu gharama, tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF nafasi yake imechukuliwa na SHA. Kabla ya kuitisha harambee, nenda kwenye dawati la SHA hospitalini uulize ni vipimo gani na mizunguko mingapi ya dawa inalipwa. Kisha panga bajeti ya vipimo kwanza, dawa baadaye.

Maswali ya kumwuliza daktari

Yaandike kwenye karatasi, nenda na ndugu mmoja mwenye kumbukumbu, na uulize kwa upole:

1. Ugonjwa uko hatua gani, na je, unaweza kupasuliwa?
2. Vilikatwa vipande vingapi, na kibonge cha nta kiko maabara gani?
3. Kimepimwa HER2? Jibu ni namba gani?
4. Kimepimwa MSI? Ikiwa ipo, je, bado nahitaji tibakemikali ya kawaida?
5. PD-L1 ni ngapi, na je, dawa yake inapatikana kwa njia ninayoweza kumudu?
6. Ni dalili gani katika mzunguko wa kwanza zinilete hospitali haraka?
7. Tutapima lini kuona kama dawa inafanya kazi, na isipofanya mpango wa pili ni upi?

Daktari mzuri hatakasirika. Huenda akakujibu kwamba kipimo fulani hakihitajiki kwako, kwa mfano ikiwa uvimbe umegunduliwa mapema na unatolewa wote kwa kisu. Hilo nalo ni jibu. Upasuaji bado ndio unaoponya kansa ya tumbo iliyowahiwa, na hakuna alama ya maabara inayoweza kushindana na kuwahi.

Dalili za kutosubiri

Alama zote tulizozitaja hutafutwa katika kipande cha nyama, na kipande hukatwa kwa yule tu aliyefika hospitali. Wengi huchelewa kwa sababu wamezoea kununua dawa za kiungulia dukani. Omeprazoli inaweza kutuliza maumivu huku kansa ikiendelea kukua chini yake. Nenda ukaangaliwe kwa kamera ikiwa unapungua uzito bila kujua sababu, unashiba baada ya matonge machache, chakula kinakwama, unatapika damu, choo ni cheusi kama lami, au umeambiwa una upungufu wa damu na haujulikani unatoka wapi. Ikiwa mzazi au ndugu yako aliugua kansa ya tumbo, usingoje dalili mbili.

Uliza pia upimwe bakteria Helicobacter pylori, waliogunduliwa Australia na Barry Marshall na Robin Warren katika miaka ya 1980. Hao huchochea vidonda vya tumbo na kansa yenyewe. Wakigunduliwa mapema wanatibika kwa mseto wa vidonge. Maliza dozi yote, kwa maana bakteria hao nao wanajua usugu.

Na kama tayari kuna mgonjwa nyumbani anayesubiri kuanza dawa wiki ijayo, fanya jambo moja kesho asubuhi: piga simu maabara, uulize kibonge chake kiko wapi na kimepimwa nini.